Jinsi ya kumtimua jenerali Athens kwa kigae cha chungu

Sema uko Athens miaka ya 470 KK na jenerali Themistocles amekuchosha. Sawa, ni yeye aliyewashawishi watu wasigawane madini ya fedha ya Laurion, migodi ya Athens, wajengee meli za vita, na meli hizo ndo zikawachapa Waajemi pale Salamis 480 KK, lakini jamaa hachoki kukumbusha, mpaka kajenga hekalu jirani na kwake la mungu wa kike Artemis Mshauri Bora, na ushauri unaosifiwa humo ni wake mwenyewe!

Subiri majira ya baridi. Mkutano wa wananchi unaulizwa swali moja tu, mwaka huu tumtoe mtu au tuache? Majina hayatajwi. Wakikubali, una kama miezi miwili ya kampeni za chini chini.

Siku ya kura okota kipande cha chungu kilichovunjika, kwaruza jina na la baba yake uweke, Themistocles wa Neocles. Hujui kuandika? Omba msaada ila angalia unamuomba nani, maana Plutarch, mwandishi wa kale, anasimulia mshamba mmoja alimpa kigae mwanasiasa Aristides mwenyewe bila kumjua, niandikie Aristides hapo, akaulizwa kwani kakukosea nini, akasema hata simjui, nimechoka tu kusikia kila kona anaitwa Mwadilifu. Mzee wa watu akaandika jina lake akamrudishia. Mimi ningeandika la mtu mwingine, sidanganyi.

Au usihangaike, wapinzani wake wanaweza kukupa kilichoandikwa tayari. Wachimbaji walikuta vigae kama 190 kwenye kisima ubavuni mwa Akropolisi, kilima cha mahekalu cha Athens, karibu vyote Themistocles, na miandiko ni ya watu kama 14 tu. Hizo ni kura za kugawa bana, mchezo wa zamani sana.

Nenda Agora, uwanja wa soko, pita mlango wa kabila lako (yako 10), kabidhi kigae maandishi yakiwa chini. Kura zisipofika 6,000 zoezi limekufa. Zikifika, anayeongoza ana siku 10 za kufungasha na miaka 10 ya kukaa nje, hakuna mashtaka wala kujitetea, ila shamba na nyumba vinabaki vyake.

Themistocles alienda Argos, mji mwingine wa Wagiriki, huku nyuma akashtakiwa kula njama na Waajemi, akatoroka, mwishowe akafika kwa mfalme wa hao hao Waajemi, akapewa miji ya kumlisha, Magnesia ya mkate, Lampsacus ya mvinyo na Myus ya kitoweo.