Kupima kiti cha mbio kwa simu na sensa ya baiskeli: angalia magurudumu kabla hujalaumu mikono

Juzi nimemaliza kumsaidia kijana mmoja anayekimbia T54 (daraja la mbio za viti vya magurudumu) hapa Nairobi, na wenzake wawili wakanipigia kuuliza tulifanyaje, kwa hivyo naiweka yote hapa. Najua mkiona Marcel Hug, yule Mswisi bingwa wa mbio za viti, na kile kiti chake cha kaboni kilichoundwa pamoja na wahandisi wa Sauber wa Formula 1, na zile dhahabu 4 za Paralimpiki ya Tokyo mwaka 2021, mnadhani data ni ya watu wenye pesa. Si hivyo. Sheria ni zilezile kwa wote, hakuna gia, gurudumu kubwa halizidi sentimita 70 na nguvu yote inatoka mikononi, kwa hivyo chochote kinachokula spidi yako bure ni lazima ukitafute.

1. Vifaa

Simu yenye slomo (video ya mwendo wa polepole) ya fremu 240 kwa sekunde, sensa ya spidi ya baiskeli ile ya kufunga kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu (nunua isiyotumia sumaku, za sumaku zinasogea kwenye kila shimo barabarani), tepu ya kupimia, pampu yenye geji. Basi.

2. Funga sensa

Funga kwenye habu ya nyuma, iunganishe na simu. Usikubali mzingo wa gurudumu ambao apu inakuwekea yenyewe, hiyo ni ya baiskeli. Mwanariadha akiwa amekaa kitini, weka alama ya chaki palipo na valvu, sukuma mizunguko 5, pima, gawanya kwa 5.

Na tafadhali usitegemee saa ya GPS mkononi. Mkono unazunguka na kupiga ringi (duara la kusukumia lililo kwenye gurudumu) zaidi ya mara mia kwa dakika, saa haielewi inaenda wapi. Kama ni lazima utumie saa, ifunge kwenye fremu.

3. Jaribio la kuachia

Hili ndilo napenda kuliko yote. Tafuta mita 200 za lami tambarare, asubuhi mapema kabla upepo haujaanza. Mwanariadha anasukuma mpaka kilomita 18 kwa saa, anaacha, anainama mkao wake wa mbio na hatikisiki. Unahesabu sekunde kutoka 15 kushuka hadi 10. Mara 3 kwenda, mara 3 kurudi, chukua wastani wa zote, maana lami unayoiona tambarare mara nyingi si tambarare. Presha ya tairi iwe ileile kila siku, pima kwa geji, usibonyeze kwa kidole.

Sekunde zikiwa nyingi kiti kinateleza vizuri. Zikipungua kuna kitu kinashika.

4. Alainimenti ya magurudumu ya nyuma

Hapa soma polepole, hapa ndipo nilipoteza wiki tatu na kijana wa watu akachoka bure.

Tulikuwa tunapata sekunde 19. Halafu akaanguka mazoezini, fremu ikapata ufa karibu na uma wa mbele, tukampelekea fundi akachomelea, ikaonekana nzuri kabisa. Wiki iliyofuata spidi yake kwenye mazoezi ya mita 400 imeshuka, akasema mabega yamechoka, nikampumzisha, ikabaki palepale, nikambadilishia mazoezi, nikamwongezea uzito wa jimu, wapi. Nilikuwa naangalia mikono tu. Siku niliporudia jaribio la kuachia tukapata 16, na pale hakuna mkono unaosukuma, kwa hivyo mikono haikuwa na kosa lolote. Nilimwomba msamaha siku hiyohiyo.

Kilichotokea ni hiki. Magurudumu ya nyuma yamelala, juu yamekaribiana chini yameachana. Ukiinua au kushusha pua ya kiti hata kidogo, ekseli inazunguka pamoja na fremu, na kwa sababu magurudumu yamelala, ncha zao za mbele na za nyuma hazibaki sambamba tena. Fundi alirudisha uma ukiwa juu kidogo kuliko zamani. Kwa macho huoni, lakini tairi zinajikokota kwa ubavu njia nzima.

Kupima: sakafu bapa kabisa, tairi zimejaa, *mwanariadha amekaa ndani akiwa na mkao wa mbio*. Usipime kiti kitupu, fremu inajipinda mtu akikaa. Pima urefu wa kitovu cha ekseli kutoka sakafuni, weka alama kwa urefu huohuo kwenye rimu, upande wa mbele na wa nyuma wa kila gurudumu. Pima umbali kati ya rimu mbili mbele, halafu nyuma. Ukipima juu au chini ya huo urefu, kule kulala kwa gurudumu kutakudanganya. Halafu zungusha magurudumu nusu mzunguko urudie, maana rimu iliyopinda nayo inadanganya. Pima kwenye rimu, si kwenye tairi.

Tofauti ya milimita 1 au 2 sina shida nayo. Sisi tulikuta 14! Kama ekseli yako inarekebishika, legeza, zungusha kidogo, kaza, pima tena akiwa amekaa. Kama imechomelewa kama yetu, shughulika na urefu wa mbele, sisi tuliushusha uma, kazi ya mchana mzima. Baada ya hapo sekunde zikarudi 19. Sasa sheria yangu ni kwamba kiti kikianguka, kikichomelewa au kikibadilishwa gurudumu la mbele, kinapimwa kabla hakijagusa treki.

5. Video

Simu kwenye stendi, urefu wa ekseli, mita 5 kando. Bandika vipande vya tepu ya rangi kwenye gurudumu kama namba za saa ya ukutani. Fungua video kwenye Kinovea, programu ya kompyuta ya kuchambua video, ni ya bure, sioni sababu ya kulipia nyingine. Angalia glavu inagusa ringi namba ngapi na inaachia ngapi. Wetu alikuwa anaachia kwenye 5, tukamfundisha kufuata hadi karibu na 7. Halafu gawanya spidi kwa idadi ya misukumo: kilomita 25 kwa saa kwa misukumo 110 kwa dakika ni kama mita 3.8 kila msukumo. Namba hiyo ikipanda bila yeye kuchoka zaidi, mko sawa.

Ringi ndogo msiikimbilie. Ni kama gia nzito, inafaa spidi ya juu lakini kuanza kunaua.

6. Mapigo ya moyo

Mkanda wa kifuani au wa juu ya mkono. Ila mwenye jeraha la uti wa mgongo la juu, hasa la shingoni, moyo wake haupandi kama wa wengine, kwa hivyo usimpangie mazoezi kwa jedwali la watu wote. Muulize amechoka kiasi gani, 1 hadi 10, andika.

7. Kuandika

Jedwali moja kwenye simu yake mwenyewe, si yako: tarehe, presha, sekunde za kuachia, umbali wa mbele na nyuma, mita kwa msukumo. Badilisha kitu kimoja tu kwa wiki. Wetu wiki hii anajaribu glavu ngumu badala ya zile za ngozi, Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi tunapima.