Kurudisha makava ya mashine ya fotokopi: soma mwanya kabla hujasukuma

Juzi kijana mmoja mwenye steshenari Muheza alinipigia simu saa mbili usiku. "Shikamoo fundi. Nimebadilisha fyuza, kazi imekwenda vizuri, lakini kava la ubavuni limegoma kukaa. Na mashine inaniandikia mlango uko wazi." (Fyuza si fyuzi ya umeme; ni ile sehemu ya moto inayogandisha wino kwenye karatasi.) Nikamwambia asisukume tena. Aliache lilivyo, amulike tochi kwa nyuma, anipigie picha ya ubavu mzima. Tulimaliza saa tatu na nusu, na siku ya pili nikaanza kuandika haya, kwa sababu swali hilo naulizwa na mafundi wa Tanga na wilayani karibu kila mwezi. Kufungua mashine watu wanafundishana. Kuifunga hakuna anayefundishwa, na mteja anachokiona kila siku ni makava.

Nazungumzia zile mashine kubwa za ofisini za magurudumu, zinazotoa fotokopi, skani na printi kwa pamoja. Iwe Canon, Ricoh, Kyocera, Sharp au Konica Minolta, makava yake yanafuata akili moja.

Hatua ya 1: Zima, chomoa, subiri

Zima kwenye swichi, chomoa waya ukutani, fyuza ipoe. Twende.

Hatua ya 2: Panga skrubu

Skrubu za makava ni za aina mbili. Za kuingia kwenye bati zina meno madogo yaliyosongamana. Za kuingia kwenye plastiki zina meno makubwa yaliyoachana. Nyingi zina unene wa milimita 3, nyingine 4. Ukiweka ya bati kwenye plastiki haishiki sawasawa, na ukiweka ya plastiki kwenye bati unaharibu njia, siku nyingine hata skrubu yake halali haitakaza. Urefu nao uangalie: iliyozidi inaweza kutokeza upande wa pili na kuchoma waya, au ikagota kabla kava halijabanwa.

Mimi sitii skrubu zote kwenye kopo moja. Kila kava nikilitoa, skrubu zake nazibandika kwa selotepu kwenye uso wake wa ndani. Wapo wanaochora ramani ya mashine kwenye karatasi na kuzipanga juu yake. Ni njia nzuri penye utulivu, lakini kwetu msimu wa kaskazi feni hazizimwi, na feni ikigeuka mara moja tu ramani yote iko chini ya meza.

Bisibisi iwe ya mkono, ya nyota, namba 2, yenye sumaku. Drili ya betri sitaki kuiona karibu na kava. Haikupi hisia yoyote ya mkononi, na plastiki inataka hisia. Ukiona kinukta kidogo kwenye kichwa cha skrubu, mkato huo ni wa Kijapani. Bisibisi ya kawaida ya nyota hupanda juu na kuruka, ikala kichwa. Tafuta inayolingana nayo, utaitumia miaka.

Skrubu ya plastiki usianze kuikaza moja kwa moja. Iweke kwenye tundu, izungushe kinyume taratibu mpaka uisikie inadondoka kidogo, tik. Hapo imekuta njia yake ya zamani. Sasa kaza. Usipofanya hivyo inakata njia mpya pembeni ya ile ya kwanza, na baada ya mara tatu nne kile kinguzo cha plastiki kinabaki tundu tupu.

Yenye kutu itupe, weka mpya. Hewa yetu ya bahari inazila skrubu haraka. Usipulizie mafuta ya kulegeza kutu karibu na makava: yapo yanayodhoofisha plastiki, ikapasuka yenyewe baada ya muda, na mafuta yakikutana na vumbi la tona, ule wino wa unga, yanakuwa tope.

Hatua ya 3: Fuata mpangilio wa makuti

Makava yamelaliana kama makuti ya paa. La chini linatangulia, la juu linakuja kulilalia. Kwa hiyo lililotoka mwisho ndilo linarudi kwanza. Kila kava lina ndimi au ndoana upande mmoja na skrubu upande wa pili: ingiza ndimi kwanza, telezesha, halafu skrubu. Skrubu zote zishike kwa vidole tu mpaka makava yote ya upande huo yamekaa. Ukikaza moja mpaka mwisho mapema, umelivuta kava kwako, na zile za upande wa pili hazitaona matundu yake.

Hatua ya 4: Soma mwanya

Hapa ndipo nilipopoteza saa nne, na hapa nitakaa.

Ilikuwa ofisi moja ya Chumbageni, Tanga mjini, ghorofani, jengo la zamani. Nimemaliza kazi ya ndani kabla ya alasiri. Kava la nyuma upande wa kulia likaingia, lakini juu lilibaki na mwanya ambao kadi ya benki ilipita bila kugusa. Nikalitoa, nikalirudisha. Nikalitoa tena. Mara ya nne nikaliegemea kwa kiganja, nikasikia tak. Ulimi mmoja umekatika, na mwanya uko palepale. Magharibi inaadhiniwa mimi niko sakafuni na tochi mdomoni, ndipo nikaona: fungu la nyaya limechomoka kwenye klipu yake na limelala juu ya kinguzo cha skrubu. Nililirudisha kwenye klipu, na kava likashuka lenyewe kwa uzito wake, bila kusukumwa.

Tangu siku ile nina kanuni moja. Kava zima halihitaji nguvu. Likihitaji nguvu, kuna kitu nyuma yake kinakwambia ngoja. Mwanya ni ujumbe, na umbo lake linakueleza pa kuangalia.

Mwanya ulio sawa toka juu hadi chini: kava halijaingia lote. Ama kuna waya katikati, ama mdomo wake umepanda juu ya kava jirani badala ya kuingia chini yake. Hilo la mdomo ndilo lililomkuta kijana wa Muheza. Alikuwa amefunga kava la juu kabla ya la ubavuni.

Mwanya mpana upande mmoja unaokwisha taratibu kama kabari: kwanza angalia ndoana ya upande ule mpana, pengine haikuingia. Kama imeingia, acha kava kabisa, angalia sakafu. Nitarudi hapo.

Mwanya wa katikati, huku ncha zote mbili zimekaa: klipu ya kati haijabana, au kava limepinda. Makava yaliyoegemezwa dirishani juani wakati wa kazi hupinda. Yalaze chini, kivulini.

Mwanya kwenye skrubu moja tu: toa skrubu hiyo. Mara nyingi ni ndefu ya mahali pengine, au kuna kipande cha plastiki kilichovunjika kimekwama nyuma ya tundu.

Kupima sihitaji kifaa. Karatasi za gramu 80 kumi zikipangwa pamoja zinakaribia milimita 1, na karatasi ofisini hazikosekani. Pitisha juu, katikati, chini, hesabu zinazoingia. Jicho linadanganya, hasa kava jeupe likipigwa na mwanga wa dirisha. Na kabla ya kulirudisha kava, pitisha vidole kwenye nyaya zote za upande ule, klipu moja baada ya nyingine. Ni dakika moja.

Sasa sakafu. Siku ile ya Chumbageni, baada ya waya kurudi mahali pake, ilibaki kabari nyembamba kwenye kona ya mbele. Nyaya sawa, ndoana sawa. Nikaweka pimamaji pembezoni mwa kioo cha skana, ukingo wa mbele, kushoto kwenda kulia. Nikaisoma, nikaihamishia ukingo wa nyuma. Povu halikukaa mahali pamoja. Hiyo maana yake si kwamba mashine imeinama tu. Mashine ikiinama, kingo zote mbili zinasoma sawa. Zikisoma tofauti, fremu imejisokota kama kitambaa kinachokamuliwa, kwa sababu kona moja haijabebwa na sakafu. Mashine ya namna hii ni nzito, inajikunja kwa uzito wake yenyewe, na makava yanafuata fremu. Utachonga plastiki mpaka usiku, haitakaa.

Dawa ni ile miguu ya kuzungusha iliyo karibu na magurudumu. Ishushe mpaka kila mmoja umegusa na kubeba, ukisoma pimamaji mbele na nyuma mpaka povu likae pamoja. Kama sakafu imebonyea kuliko mguu unavyofika, weka kibao kigumu chini ya mguu. Karatasi zilizokunjwa usiweke, baada ya wiki zimelala. Niliweka kibao, na ile kabari ikafunga bila kava kuguswa. Hata kopi ambazo wale watu walilalamika kuwa zinatoka zimekwenda upande zilinyooka.

Ulimi uliokatika: supaglu haisaidii, inaacha ukungu mweupe na inakatika palepale. Tumia gundi ya kuchanganya mbili, uweke kipande chembamba cha plastiki nyuma kama gango, uache hadi kesho yake.

Hatua ya 5: Kaza

Anza skrubu za katikati, nenda pembeni kwa mshazari. Ikigota, robo mzunguko basi. Zile zenye kidude cha meno chini ya kichwa zirudi mahali pake hasa, kwa sababu baadhi yake ndizo zinazounganisha bati na ethi, njia ya umeme kwenda ardhini.

Hatua ya 6: Mlango wa mbele na swichi yake

Nyuma ya mlango wa mbele kuna kiulimi kidogo kinachoingia kwenye tundu na kubonyeza swichi. Isipobonyezwa, mashine inakata umeme wa mota na kuandika mlango uko wazi. Kava la jirani likisogea milimita mbili tu, kiulimi kinapishana na swichi. Kwa hiyo ujumbe ule ukija baada ya kufunga makava, usikimbilie kubadilisha swichi. Rudi hatua ya 4.

Nimekuta mashine swichi imejazwa karatasi au kijiti ibonyezwe daima. Tafadhali usimwachie mteja hivyo. Nyuma ya mlango ule kuna gia zinazozunguka na fyuza inayopita nyuzi joto 150, na anayefungua kutoa karatasi iliyokwama ni karani au mtoto wa dukani, hajui ujanja wako.

Hatua ya 7: Fida na mkeka mweupe

Fida, kile kifuniko cha juu kinachovuta karatasi chenyewe, ikirudi kwenye bawaba zake, mkeka mweupe wa chini yake usiubandike kwa kukisia. Ulaze juu ya kioo, upande mweupe ukitazama chini, kona yake ikutane na kona ya kuanzia kusoma, ile ya nyuma kushoto. Shusha fida taratibu, bonyeza, inua. Utapanda nao ukiwa umenyooka. Ukikaa upande, kila kopi ya kitabu itakuja na mstari mweusi ukingoni.

Hatua ya 8: Jaribu

Futa makava kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo. Thina hapana, inayeyusha uso. Vuta trei zote, zirudishe. Fungua na ufunge milango yote mara tano. Toa kopi ishirini huku kiganja kiko ubavuni mwa mashine. Kava lisilobanwa utalisikia linatetemeka kabla sikio halijasikia. Skrubu moja ikibaki kwenye selotepu, irudishe kwenye kava lake kabla hujamwita mwenye ofisi.