Somo: Uji wa wimbi na unga wa omena, kuanzia miezi sita

Pale soko la Kibuye, Kisumu, utauziwa unga wa uji wenye kila kitu ndani: wimbi, mtama, soya, njugu, omena (dagaa). Mimi siutaki. Soya inataka moto wa muda mrefu, wimbi huiva upesi. Njugu zilizosagwa huchacha haraka, na zikishika unyevu huota ukungu wenye sumu. Isitoshe, mtoto akitokwa na vipele hutajua kilichomdhuru. Wimbi liwe kando, omena kando.

1. Chagua omena zilizoanikwa kwenye wavu, si mchangani. Toa vichwa, osha kwa maji ya vuguvugu hadi usione mchanga chini ya karai (mara tatu kwangu, na bado huwa nina wasiwasi). Anika tena, kisha kaanga bila mafuta, moto mdogo, mpaka ukiikunja inavunjika. Twanga, chekecha, tia kwenye chupa kavu. Tengeneza ya wiki moja tu.

2. Koroga unga wa wimbi na maji baridi, mimina kwenye maji yanayochemka, uache uive vizuri. Inamisha kijiko: ukitiririka kama chai, huo ni maji. Tumbo la mtoto ni dogo, lijaze chakula. Ukiotesha wimbi kidogo kabla ya kusaga, kimea chake hulainisha uji bila kuongeza maji.

3. Epua, pakua, tia kijiko kimoja cha chai cha omena na parachichi lililopondwa. Chumvi na sukari, hapana. Asali pia, hadi atimize mwaka.

4. Anza na vijiko viwili vitatu. Polepole afikie nusu kikombe cha mililita 250, mara 2 au 3 kwa siku. Miezi 9 ikifika, mara 3 au 4. Ziwa lisikatwe.

MASWALI

Mama wa Nyalenda: Dada, mama mkwe anasema mayai yatamchelewesha mtoto kuongea.
Jibu: Hayamcheleweshi. Mpe yai lililoiva kabisa, na mama mkwe umsalimie.

Baba Pacha, Kakamega: Wangu wana mwaka na nusu, wanapenda uji na chai ya maziwa.
Jibu: Chai ondoa, baba. Inazuia mwili kupata madini ya chuma kutoka kwenye chakula, na hayo ndiyo ya damu.

Mama Njoro, Nakuru: Huku omena ni ghali. Maharagwe je?
Jibu: Yachemshe hadi yalainike kabisa, ponda pamoja na managu (mnavu). Maini pia ni mazuri, kidogo kidogo.

Mama wa Nyalenda: Wangu ana miezi minane, kilo hazijapanda tangu mwezi juzi.
Jibu: Usingoje uji umnenepeshe. Beba kijitabu cha kliniki kesho asubuhi, apimwe uzito na unene wa mkono kwa utepe. Utepe ukisoma chini ya sentimita 11.5, hiyo ni nyekundu, yaani utapiamlo mkali, aanze matibabu siku hiyo hiyo.