Kabla usiku haujaingia: kumuuguza mgonjwa wa siku za mwisho nyumbani

Mchana wageni hawakatiki, kila mtu ana neno la kusema. Saa tisa usiku mgonjwa akianza kuugulia, mnabaki wawili. Kwa hiyo timu ya tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia maumivu na mateso mgonjwa asiyepona, ikishampokea mgonjwa wenu, ulizeni kwanza: usiku tumpigie nani, na asipopokea, nani wa pili? Namba zibandikwe ukutani, simu isikose salio wala chaji.

Halafu mofini, dawa ya maumivu makali. Kwetu Afrika Mashariki wengi hupewa ile ya maji, ambayo Dkt. Anne Merriman aliipigania Uganda alikoanzisha shirika la tiba shufaa la Hospice Africa mwaka 1993. Hunywewa kila baada ya saa 4, maumivu yawepo yasiwepo, maana kuyazuia ni rahisi kuliko kuyafukuza. Tulipomuuguza mama mkubwa, tulimnyima dozi ya usiku tukiogopa atazoea dawa. Aling'ata pindo la kanga mpaka alfajiri. Muuguzi alipofika hakutugombeza. Alichukua bomba la sindano lisilo na ncha, akachora mstari kwa kalamu: "Vuteni mpaka hapa." Tangu hapo hata mjukuu wa sekondari aliweza kusimamia zamu. Dozi ikibadilishwa, mstari wa zamani ufutwe siku hiyohiyo. Mwulizeni muuguzi pia dozi ya kulala iweje, na mgonjwa apewe nini maumivu yakimpanda kabla ya saa kutimia. Dawa ya kulainisha choo iambatane na mofini tangu siku ya kwanza. Chupa isiachwe ikauke mwisho wa juma.

Mwombeni muuguzi awaeleze mapema mwisho unavyokuja: hamu ya chakula inakwisha, miguu inapoa, pumzi inasita na kurudi, koo linakoroma. Asiyeambiwa hukodi teksi usiku wa manane, na mgonjwa akafia njiani. Msimlazimishe uji, atapaliwa. Lowesheni midomo kwa pamba.

Mpira wa kutandika, glovu na mashuka ya akiba vinunuliwe sasa.

Angali na kauli, mwulizeni anataka nani awe karibu, aitiwe shehe au padri, azikwe wapi. Zamu za kukesha zigawanywe, wanaume wakiwemo. Asiachiwe binti mmoja.

Akikata roho usiku, hakuna haja ya kukimbia. Kaeni naye, kisha pigeni namba ya ukutani. Kibali cha mazishi kitafuatwa asubuhi, na mofini iliyobaki irudishwe kwa timu.