Unatuma hadithi kwa mhariri? Pitia hapa kabla hujabonyeza

Niko stesheneri hapa Mwanjelwa, Mbeya, pembeni kuna dogo anatuma hadithi kwenye shindano na faili lake kaliita "FINAL 2 ya kweli". Nikasema ngoja niandike.

Masharti soma yote mpaka chini. Commonwealth Short Story Prize kwa mfano, lile shindano la hadithi fupi la Jumuiya ya Madola, wanapokea za Kiswahili pia, tena bure, ila wanataka maneno 2,000 mpaka 5,000 na iwe haijachapishwa, sasa wewe una 5,400 unajipa moyo si wataelewa, hawaelewi, kata. Tuzo ya Nyerere ile ya Taasisi ya Elimu nayo ina vipengele, ushairi una kwake na riwaya ina kwake, usichanganye.

Wakisema kazi isiwe na jina, toa jina kotee. Mi niliwahi kufuta ukurasa wa kwanza tu nikajiona mjanja, kumbe jina liko juu kule kwa herufi ndogo kwenye kila ukurasa, kurasa kumi na nne zote! Nimekuja kustuka wiki mbili baadaye nikiwa kwenye Hiace ya Uyole, baridi ya Juni ile lakini jasho linanitoka.

Barua yenyewe iwe fupi. Usianze na "ugonile" ya Kinyakyusa, mhariri pengine mtu wa Tanga huko. Andika hivi: "Habari za kazi Mhariri. Naambatisha hadithi fupi, maneno 3,100, haijachapishwa popote. Asante." Basi. Habari za mama alivyolia aliposoma hazihitajiki, na usimwelezee hadithi inahusu nini mpaka mwisho, sasa atasoma nini? Faili liite jina la hadithi (na lako, kama wameruhusu).

Hili la kutuma sehemu mbili kwa mpigo ndo linalogombanisha watu. Wengine wanaruhusu, wengine hawataki kabisa, kwa iyo angalia kwanza, na kama wanaruhusu basi ukikubaliwa huku waandikie wale wengine siku hiyohiyo: "Naomba kuondoa hadithi yangu, imepata nafasi kwingine, samahani kwa usumbufu." Ukikaa kimya, mtu anakuja kuhariri kazi yako siku mbili tatu afu anaikuta imeshatoka kwingine, hapo jina lako keshaliweka pembeni na sidhani kama atakwambia.

Baada ya hapo subiri. Kama wamesema miezi mitatu ni mitatu, ikipita uliza mara moja tu, kwa barua pepe, sio kumfuata inbox usiku. Wakikukataa jibu "asante" au usijibu, ila usibishane jamani, hata kama aliyeshinda unamjua na unajua anaandikaje.

Dogo kashatuma, dedilaini keshokutwa. Sa hivi ananiuliza ampigie mhariri kuhakikisha kama imefika. Nimemnyang'anya simu.