Kutengeneza kidani cha kioo cha kichwa chenye ndevu, kwa mtindo wa Wafoinike

Vichwa hivi vya macho makubwa na ndevu za vipindo vilitengenezwa na Wafoinike, mabaharia na wafanyabiashara wa kale wenye asili ya pwani ya Lebanoni ya leo, hasa Karthago (Tunisia ya leo), katika karne ya 4 na ya 3 KK. Vilivaliwa kama hirizi. Ufundi wa kupuliza kioo ulikuwa haujavumbuliwa, kwa hiyo weka bomba kando, na kalibu usiiguse kabisa. Kichwa hujengwa kwa mkono juu ya ufito wa chuma.

1. Chovya ufito katika uji wa udongo, uanike hadi ukauke. Chagua ufito mnene, maana vya kale vina uvungu ndani.

2. Washa tochi ya gesi (ile ya mwali wa moto), vaa miwani ya kinga, yeyusha kioo cha njano au cheupe na ukiviringishe kwenye ufito.

3. Macho: tone jeupe, libonyeze, kisha tone la buluu iliyokoza juu yake. Pua ivute kwa koleo.

4. Ndevu. Hapa ndipo wanafunzi wangu wengi hukwama usiku kucha. Yeyusha ncha ya kijiti chembamba cha kioo cha buluu, ibandike chini ya sikio, izungushe iwe kipindo, ikate kwa moto. Endelea hadi sikio la pili. Shida ni kwamba ukishughulika na kidevu, utosi unapoa, na ukiurudisha motoni ghafla unapasuka, utasikia “ti!” tu. Kila baada ya vipindo viwili, zungusha kichwa kizima kwenye ncha ya mbali ya mwali, pasipo ukali. Kikianza kung’aa rangi ya chungwa, kitoe haraka, la sivyo vipindo vitazama na macho yatatiririka. Ukiona vipindo vimelala, usivichokonoe vikiwa laini. Ngoja vishike kidogo.

Na kioo chote kiwe cha aina moja. Mimi hutumia kile laini cha namba 104 peke yake (namba hiyo ni kipimo cha kutanuka kwa kioo kikipashwa moto). Cha chupa sikitaki: hutanuka na kunywea kwa kipimo chake, na kidani kilichotoka kizima jioni hukutwa asubuhi kina ufa shavuni.

5. Kitanzi utosini, kichwa kikiwa bado cha moto.

6. Tanuri, nyuzi 500 hivi za selsiasi, nusu saa au zaidi, kisha shusha moto polepole. Kuzika kwenye majivu hakutoshi kwa kitu kinene hivi. Kikipoa, kiloweke ndipo ukwangue udongo wa ndani kikiwa majini. Vumbi lake ni baya kwa mapafu.