Pima zawadi za Krismasi kwa bomba la toileti pepa

Ukienda Kariakoo kununulia watoto wa umri tofauti zawadi, tia mkobani lile bomba la karatasi ngumu linalobaki toileti pepa ikiisha. Kitu chochote kikipita humo ndani, au kipande chake kinachong'oka, kisiingie kwenye nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka 3, hata kama zawadi yenyewe ni ya kaka yake wa miaka 8. Upana wa bomba ni kama sentimita 4, na kinachopita hapo kinaweza kumkaba mdogo, ambaye kila anachookota sakafuni anapeleka mdomoni. Juzi nilipima gari zuri sana la plastiki. Gari halikupita, lakini tairi nilivuta kidogo tu likachomoka, nalo likapita! Nikalirudisha mezani kwa muuzaji. Kwa hiyo vuta kwanza matairi, macho ya mdoli na vifungo, ndipo upime. Gololi za mkubwa zisubiri. Mpe mpira au kitabu cha hadithi.

Kuna vitu bomba halivioni. Puto likipasuka, vipande vyake vinaziba koo. Uzi mrefu unanyonga. Na zile betri bapa kama kifungo cha shati zimejificha ndani ya vidude vya kuimba: ikimezwa, inaweza kuunguza koo vibaya ndani ya saa 2. Kama kifuniko cha betri hakina skrubu, acha. Akimeza, mkimbize hospitali hapohapo, usimtapishe.